Shangazi, nimeshindwa na chumba kimoja

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Morogoro, nina miaka 28, nafundisha Baiolojia. Nimepanga chumba kimoja kwenye nyumba yenye wapangaji watano. Bomba na bafu tunachangia. Mwaka jana daktari wa afya ya akili aliniambia nina ADHD, ile hali ya ubongo inayomfanya mtu apate shida ya kutulia na kushika umakini. Nilikwenda kwake kwa sababu ya kukosa usingizi na kusahau vikao vya kazini, nikarudi na jina la kitu nilichoishi nacho tangu utoto. Siku ile nililia kwa furaha. Nilijua sasa mambo yatanyooka, na chumba nacho kitanyooka. Shangazi, hakijanyooka.

Nikueleze kilivyo usiku huu ninapokuandikia. Kitandani, upande wa ukutani, kuna madaftari ya Kidato cha Pili, mikondo miwili, nimesahihisha 11 tu. Mimi nalala upande wa nje. Kwenye kiti kuna rundo la nguo. Za chini nilizifua wiki mbili zilizopita sikuzikunja, za juu nimezivaa nikazirushia hapo hapo, kwa hiyo kila asubuhi nanusa makwapa ya blauzi ndipo nijue niivae au niiache. Dirishani kuna vikombe vitatu vya chai, kimoja kimeota ukungu. Chini ya kitanda kuna sahani, najua ipo, nimeiona juzi, na bado ipo.

Kilichonifanya nikuandikie ni beseni. Jumapili moja nililoweka nguo, nikasema zikae nusu saa. Nikaingia ndani kutafuta pini ya kubania nywele, nikakuta bahasha ya picha za chuo, nikakaa nazo sakafuni mpaka giza likaingia. Beseni nikalisahau pale kwenye kona nyuma ya mlango. Katikati ya wiki nikaanza kusikia harufu, nikadhani panya kafia darini. Alhamisi mama akaja kutoka Ifakara bila taarifa, kabeba kiroba cha mchele kichwani. Nilipofungua mlango, beseni likawa la kwanza kumpokea.

Hakunigombeza. Alikunja kanga kiunoni akatoka nalo bombani akaanza kufua. Alifua vyote, hadi nguo zangu za ndani, mbele ya wapangaji wenzangu, huku akisema kwa sauti ya chini: "Mwanamke gani wewe? Wakwe wakija wataona nini? Umekuwa baba yako mtupu." Nilisimama pale na miaka yangu 28, nimeshika ndoo tupu. Alipoondoka chumba kilikuwa kinang'aa. Siku ya tisa kilikuwa kimerudi kama kilivyokuwa.

Kinachonichanganya ni hiki. Nilisoma bweni miaka minne, kitanda changu kilikuwa mfano, tranka langu limepangwa, na nikawa kiranja wa usafi. Jumamosi ya mwisho wa mwezi mtaa unapofanya usafi, mimi ndiye wa kwanza kushika fagio, mtaro nazibua mimi. Maabara ya shule iko chini yangu na najua kila chupa ilipo. Sasa mtu wa namna hiyo anashindwaje na chumba cha futi kumi kwa kumi? Si uvivu huo?

Nimejaribu kuamka saa 10 alfajiri. Nimebandika ratiba ukutani. Nimenunua kabati la milango miwili kwa mkopo, sasa limejaa vitu nisivyovikumbuka. Daktari ananipa vidonge, nikimeza asubuhi nafundisha vizuri sana, lakini nikifika nyumbani jioni vimeshaisha nguvu. Nimefikiria kuongeza kimoja jioni ili nipate kusafisha. Na Januari mchumba wangu analeta posa. Nimwambie, au nijitahidi kwanza?

Mwalimu, Morogoro

*

Marahaba mwanangu,

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili nimesimama palepale: bweni, mtaro, maabara. Umeniuliza swali, na jibu lake umeliandika wewe mwenyewe kwenye mistari hiyo.

Bweni lilikuwa na kengele. Matroni alikuwa anapita, na wenzako arobaini walikuwa wanatandika vitanda dakika ileile unayotandika wewe. Usafi wa mtaa nao, tangu ile Sikukuu ya Uhuru ya 2015 taifa zima liliposhika mafagio badala ya kwenda uwanjani kutazama gwaride, ni kazi ya watu wengi kwa wakati mmoja: unaanza kwa sababu jirani ameanza, na unajua imeisha kwa sababu watu wameanza kunawa. Na kwenye maabara, chupa zimeandikwa majina, rafu hazina milango, na kipindi cha tatu wanafunzi wanaingia upende usipende. Mahali popote ambapo saa, macho ya watu na mpangilio viko nje ya kichwa chako, wewe ni hodari. Chumba chako hakina hata kimoja cha hivyo. Humo uko wewe na kichwa chako tu, na kichwa chako ndicho chenye shida ya kuanza, ya kushikilia ulichokianza, na ya kusikia muda ukipita.

Kwa hiyo hapana, si uvivu. Mvivu hazibui mtaro.

ADHD haimnyimi mtu ujuzi wa kufagia. Inagusa ile sehemu ya ubongo inayopanga, inayoanzisha na inayokumbusha, na inahusiana na namna ubongo unavyotumia kemikali kama dopamini. Jambo lenye mvuto linakubeba, kama zile picha za chuo. Jambo lisilo na mvuto linateleza mikononi hata ukilitaka kwa moyo wote. Mwongozo ambao madaktari wa magonjwa ya akili wa Marekani waliutoa mwaka 2013, na unaotumiwa na madaktari wa nchi nyingi, unataja dalili tisa za upande wa umakini. Kushindwa kupanga shughuli, kupoteza vitu na kusahau mambo ya kila siku ni tatu kati ya hizo. Mtu mzima anahitaji tano. Wewe umenieleza tatu kwa beseni moja tu.

Na mama yako usimwone mkatili. Hata madaktari walianzia pale alipo yeye. Mwaka 1902 daktari wa watoto George Still aliwahutubia wenzake London akaeleza watoto wa namna hii kwa umakini mkubwa, lakini hali yenyewe akaiita kasoro ya kujitawala kimaadili. Imechukua miaka mingi kuitoa kwenye maadili na kuiweka kwenye ubongo. Mama yako hajasomewa hayo na mtu yeyote. Halafu lile neno la "baba yako mtupu" lilikuchoma, najua, lakini huenda alisema kweli bila kujua: tafiti za mapacha zimeonyesha kwamba urithi una sehemu kubwa mno katika hali hii. Siku ukipata nafasi, muulize baba yako utoto wake ulikuwaje.

Nalisema hili nikiwa mama. Kijana wangu wa tatu ana ADHD, na tulilijua akiwa na miaka 19. Darasa la nne alipoteza masweta matatu kwa mwaka mmoja. Lile la tatu nilimchapa. Alilia akisema, "Mama, sijui lilipokwenda," na mimi nikasikia ujeuri. Alikuwa ananiambia ukweli mtupu. Sweta lile silisahau.

Sasa tuingie chumbani. Nataka uache kwanza neno "kusafisha", kwa sababu ni kubwa mno na halina mlango wa kuingilia. Ukisimama katikati ya chumba ukasema "nisafishe", kila kitu kinakuita kwa pamoja, ndiyo maana unaishia kukaa kitandani na simu. Fuata kinachooza. Mabaki ya chakula, vikombe, nguo mbichi, maji yaliyotuama. Hivyo ndivyo vinavyoleta mende na harufu, na ndivyo vinavyoharibu afya. Nguo kavu kwenye kiti haijamdhuru mtu. Usiku huu, ukimaliza kusoma hapa, piga magoti uitoe ile sahani, chukua na vikombe vitatu, peleka bombani. Basi. Usiguse madaftari, usikunje nguo. Ukilala usiku ambao hakuna kinachooza chumbani, umelala kwenye chumba kinachotosha.

Ili kesho visirudi, weka ndoo yenye mfuniko karibu na kitanda, mahali hasa unapokula. Usiiweke kule unakodhani ingepaswa kukaa. Chombo ukimaliza kulia kinaingia humo. Asubuhi unakwenda kuoga kila siku bila kusahau, sivyo? Ndoo inakwenda na wewe. Mfuko wa taka nao uwe pale taka zinapoangukia. Na vyombo vipunguze: sahani mbili, vikombe viwili, kijiko, sufuria. Vingine vifunge kwenye kiroba uviweke juu ya kabati. Ukiwa na vikombe vinane utaosha siku vyote vinane vimechafuka. Ukiwa na viwili, chai ya asubuhi yenyewe inakulazimisha.

Lile rundo la kitini lina sababu yake, na watu wengi hawaijui. Kabati ni la nguo safi, tenga ni la nguo chafu, na nguo iliyovaliwa mara moja haina kwao. Kwa hiyo inakwenda kitini, na ikishafika moja zingine zinaifuata. Ipe nyumba. Mwombe mama mwenye nyumba ruhusa upige misumari mitano nyuma ya mlango, au chukua ubao wenye misumari uutundike mara moja tu. Nguo iliyovaliwa mara moja inatundikwa hapo. Misumari ikijaa, ya zamani kuliko zote inaingia kwenye tenga bila kunuswa. Halafu kile kiti, mwanangu, kitoe chumbani. Mpe jirani akikalie barazani.

Kabati lile najua bado unalilipia, na naumia kukuambia hili, lakini milango yake ndiyo adui. Kwa kichwa kama chako, kilichofichwa nyuma ya mlango hakipo tena duniani. Ndiyo maana limejaa vitu usivyovikumbuka. Fungua bawaba, toa milango, isukume nyuma ya kabati. Kama huwezi, basi humo weka joho la mahafali na vitu vya mara moja kwa mwaka, na nguo za kila siku zikae wazi kama chupa zako za maabara. Hutakuwa na chumba cha kupiga picha. Utakuwa na chumba unachokiona chote ukiingia, na unachokiona ndicho unachokikumbuka.

Kuloweka achana nako kabisa. Najua tumefundishwa hivyo wote, lakini kuloweka ni kazi inayokwambia "nenda, rudi baadaye", na hiyo ndiyo kazi isiyokufaa kuliko zote. Ukienda kuoga jioni, fua blauzi ya leo na nguo za ndani papo hapo, anika. Mashuka na jinzi, ukipata senti, mpe mama anayefua mtaani kwenu na umlipe vizuri. Hakuna aibu hapo. Wenye hela wengi wanafanyiwa kila wiki na hakuna anayewauliza uanawake wao. Ikitokea lazima uloweke, beseni likae katikati ya njia, mahali ambapo huwezi kufika kitandani bila kuliruka, na alamu ya simu iite, uizime ukiwa umeshika nguo.

Madaftari yasije nyumbani. Yasahihishe palepale maabara baada ya kipindi cha mwisho, ishirini kwa siku, na mlango uufunge. Kitanda chako kiwe cha kulala. Ulikwenda kwa daktari kwa sababu ya usingizi, na mwezi huu wote umelala kwenye ukingo wa godoro.

Kuhusu saa 10 alfajiri, acha. Unajikatia usingizi, na kukosa usingizi kunaufanya umakini uwe mbaya zaidi. Tafuta kengele ambayo tayari inalia bila wewe. Mtaani kwako adhana ya isha inasikika, au redio ya jirani inasoma taarifa ya habari saa 2 usiku. Ikianza, unaanza: kinachooza kwanza, kisha kinachotundikwa. Ikiisha, unaacha, hata kama chumba hakijakamilika. Kuacha kuna umuhimu uleule wa kuanza, kwa sababu ukishajua kazi ina mwisho, kesho hutaiogopa.

Na usifanye peke yako. Kama mtaro unakuwa mwepesi kwa sababu ya watu, walete watu chumbani. Simaanishi waje kukusaidia. Mpangaji mwenzako akae mlangoni akichambua mchicha wake huku wewe unakunja. Au mpigie rafiki, weka simu kwenye spika, naye huko aliko anaosha vyombo vyake. Hamhitaji kuzungumza sana. Kijana wangu anafanya hivi na dada yake kila Jumapili, yeye yuko Arusha na dada yake yuko hapa, na mara nyingi ninachosikia ni maji yanamwagika tu.

Sasa dawa. Usiongeze kidonge cha jioni kwa akili yako. Vidonge vya muda mfupi vinafanya kazi kwa muda wa saa nne hivi tu, kwa hiyo hukukosea kuona kwamba jioni vimeisha, lakini ukimeza usiku vitakuibia usingizi ule ule ulioufuata hospitali. Mweleze daktari kama ulivyonieleza mimi: asubuhi sawa, jioni hakuna kitu. Yeye ndiye wa kupanga upya saa au aina. Mpaka hapo, kazi kubwa ya chumba ifanye Jumamosi asubuhi dawa ikiwa bado mwilini. Lakini angalia: dawa inakusaidia kushika jambo, haikuchagulii jambo la kushika. Ukianza na bahasha ya picha utashinda na picha mpaka adhuhuri. Andaa boksi moja la "baadaye", na kila kinachokuvuta moyo kitupie humo bila kukifungua.

Jambo lingine nalisema kwa sauti ya chini. Umeandika kwamba ulisimama umeshika ndoo tupu, na barua nzima ina uchovu. Watu wazima wengi wenye ADHD hupata na sonona au wasiwasi juu yake. Kama zimepita wiki mbili unaamka huna hamu ya chochote, hata maabara haikuvuti, kuoga kwenyewe ni mlima, hilo si suala la misumari wala ndoo. Mwambie daktari mapema, usisubiri siku ya miadi.

Mchumba mwambie, na mwambie kabla ya Januari. Kwanza ondoa hofu moja: posa inapelekwa Ifakara kwa wazazi wako, hakuna shangazi yake atakayeinama kuchungulia chini ya kitanda chako cha Morogoro. Lakini yeye ataishi na wewe. Kaa naye mahali palipotulia, mwambie jina la hali yako, mwambie habari ya beseni kama ulivyoniandikia mimi, na kisha mwambie unachofanya: ndoo, misumari, kengele ya saa 2. Usimwahidi kwamba ukiolewa utabadilika. Muulize yeye kazi gani za nyumbani anaziweza bila kukumbushwa, maana nyumba mtakayoishi itahitaji mtu wa kukumbuka luku na gesi, na huyo huenda asiwe wewe. Sikiliza atakavyojibu. Akicheka kwa dharau, umejua mapema. Akiuliza misumari ipigwe wapi, mshike.

Mama yako naye atakuja tena, na atakuja na mchele bila taarifa, ndivyo tulivyo. Usikisafishe chumba usiku kucha ili umwoneshe. Akifika, mkaribishe kitandani upande wa ukutani ambako madaftari yalikuwa, mpe chai kwenye kimoja kati ya vile vikombe viwili. Akianza kukunja kanga kiunoni, mshike mkono, mwambie, "Mama, leo usifue. Kaa tu hapa na mimi, unihadithie habari za nyumbani, mimi nikunje nguo." Atashangaa kidogo. Kisha ataanza kukusimulia nani kaoa, nani kavuna magunia mangapi, na wewe mikono yako itakuwa inaendelea.